Kumetameta

Ilikuwa kazi ya shule ya Kerubo:
onyesha jinsi mbegu inavyoota.
Wenzake walichora. Mimi nikasema la,
hii tutaipiga picha mpaka ikiri yenyewe.

Simu ya zamani ilikuwepo, kioo kimepasuka
kama ramani ya mito, ila jicho lake zima.
Nikaiegemeza kwenye kopo la siagi lililojaa mchele,
nikaikaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli.
Mbele yake glasi, pamba mbichi,
na haragwe moja la rosekoko, madoadoa yake yakitazama nje.

Nje ni neno tu. Dirisha letu la Pipeline
lina ukuta wa jirani, kamba ya nguo,
na jua linalopenya saa sita na robo,
likachungulia, likaondoka kabla ya saa saba.
Nikaiamuru simu: picha moja kila dakika tano,
usiku na mchana, usisinzie.
Kisha nikavaa koti, nikachukua rungu na tochi,
nikashuka kwenda Viwandani
kulinda geti la watu wa mabati.

Siku tisa. Picha elfu mbili, mia tano na tisini na mbili;
toa kumi na nne za usiku ule tokeni zilipoisha.
Zikikimbizwa ishirini na nne kwa sekunde
siku tisa zinakuwa dakika moja na sekunde arobaini na saba.
Chai haijapoa, haragwe limekuwa mti.

Odanga wa duka la simu alinikopesha kompyuta
na onyo: "Adui yako ni kumetameta.
Taa ikiwashwa usiku, video inaruka.
Zitafute picha hizo, uzifute zote."

Nikazitafuta. Usiku wa pili, saa tisa: mwanga.
Usiku wa tano, saa tisa: mwanga.
Wa tisa, vilevile.
Nikakuza moja nione hitilafu iko wapi.

Usiku dirisha hugeuka kioo.
Ndani ya kioo, nyuma ya glasi,
Kwamboka, leso begani, ameinama,
sikio karibu na mfereji,
anasikiliza kama maji yamekuja.
Picha inayofuata: mtungi wa kwanza.
Ya tatu: wa nne.
Ya tisa: ameketi juu ya mtungi uliojaa,
kichwa ukutani, macho yamefumba,
mkono bado umeshika kifuniko.

Miaka sita narudi asubuhi nakuta pipa limejaa.
Naoga. Namwaga. Naimba humo ndani.
Sikuuliza. Naye hakusema.
Mlinzi mie, ninayelipwa kukesha!

Kidole kikawa juu ya kitufe cha kufuta.
Lakini tazama haragwe: ni usiku uleule wa tano,
katika mwanga uleule, ndipo ganda linapoachia
na shingo nyeupe inainuka, imejikunja,
kama mtu anayejitwika mzigo peke yake.
Nikiifuta taa, mmea utaruka kutoka mbegu
hadi jani, bila kazi yoyote katikati.

Nikaziacha.

Kerubo alipata nane kwa kumi.
Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Vizuri, ila inametameta."
Kwamboka alitazama mara moja, akacheka:
"Kumbe mmenipiga na kilemba cha kulalia!"
Akarudi kuchambua mboga.

Jana ilikuwa siku yangu ya mapumziko.
Nikaweka kengele, saa tisa kasorobo,
nikaenda kwa vidole mpaka mferejini.
Nikaufungua. Ukakohoa, ukatema hewa.
Nikaketi juu ya mtungi mtupu, nikasubiri,
nusu saa, pengine zaidi,
mpaka sauti ikatoka kitandani, nzito kwa usingizi:
"Baba Kerubo, maji ni Jumatano na Jumamosi.
Zima taa."