Chenga

Kaka yangu Veijo alinunua diski kumi na mbili
mwaka ule kiwanda cha karatasi kilipopunguza watu,
akakesha wiki nzima kati ya deki mbili na waya
akimhamisha baba
kutoka nyumba nyeusi kwenda nyumba ya fedha.
Muuzaji wa Kajaani alimwambia: miaka mia.
Mama alicheka hadi kahawa ikamwagika kisahanini.
Miaka mia! Nani atakuwepo kwenda kudai pesa?

Kanda zikaenda dampo ndani ya katoni la ndizi.

Diski hazikufika hata ishirini.
Jana usiku nimezijaribu moja moja.
Mashine inazungusha, inakohoa, inatulia,
kisha inaandika kwa adabu: Hakuna diski.
Ipo. Nimeishika kingoni kwa vidole viwili.
Mgongo wake wa zambarau umeota baka la shaba
na mwandiko wa Veijo, Krismasi, Bibi, Kuogelea,
umepenya ndani kama maji ya mvua ukutani.
Hakuna mtu aliyezigusa.
Zilikaa kabatini kama mayai,
zikaoza kama mayai, maganda yaking'aa.

Kanda moja ilipona kwa kosa la kalamu.
Mama aliandika ubavuni MBIO ZA SKII,
Veijo hapendi michezo, akaipita.
Ikabaki chumba cha kuvulia nguo, mlangoni pa sauna,
chini ya taulo na sabuni ya lami,
Jumamosi joto, Jumapili barafu,
miaka thelathini na tatu.
Anayejua kanda angejishika kichwa.

Deki nimeazima kwa mzee Urho, fundi wa zamani.
Aliifungua mbele yangu, akafuta kwa pamba na spiriti,
akaniambia bila kuinua macho:
Kichwa ni kisafi. Lakini kila utepe ukipita hapa
unaacha ngozi kidogo.

Basi tukaketi.
Nje theluji, ndani ya runinga chenga,
na mama, mtoto wa jicho umemwanza,
akauliza kama nimesahau kufunga pazia.
Kisha wanaume wenye mbao miguuni,
dakika nne za jasho na namba vifuani,
kisha, kama mtu aliyekosea mlango,
uani kwetu.
Mimi, miaka sita, viatu nimegeuza,
wa kulia kushoto,
na sauti ya baba nyuma ya kamera:
Cheka, Maire. Si hivyo. Cheka kama jana.

Chini ya picha mstari ulikuwa ukijinyonganyonga.
Baba hayumo. Baba hakuwahi kuwamo,
yeye ndiye aliyekuwa ameibeba begani,
tulikuwa na pumzi yake tu.
Halafu akaigeuza, nadhani
aone kama taa nyekundu inawaka:
jicho moja, pua, sharubu zenye barafu.
Sekunde moja. Labda mbili.
Anga likapinduka, chenga zikarudi.

Hapo, alisema mama. Rudisha.

Nikamweleza maneno ya Urho.
Kwamba zile zilikufa kwa kutotazamwa
na hii itakufa kwa kutazamwa,
kwamba Oulu kuna ofisi, wana mashine,
tungoje hadi Aprili, barabara ziwe nzuri.
Alivua miwani, akaifuta kwa ukosi wa sweta,
akaivaa tena ikiwa na ukungu uleule.
Tukiiweka, alisema, imngoje nani?

Nikabonyeza.
Theluji ya uani ikapanda mbinguni,
nikarudi kinyumenyume mlangoni,
kicheko kikaingia mdomoni kikafungwa.
Tukatazama. Tukarudisha tena.

Mara ya nne, kwenye sharubu za baba
niliona mstari mweupe ambao sikuukumbuka.
Mama alisema ni barafu.