Vikombe Sita

Nilikwenda kutoa damu, si kuletewa habari.
Shemeji yangu Mwajabu alilazwa Temeke, wodi ya wazazi,
wakasema leteni watu wawili wenye afya.
Mimi ni kinyozi; mkono wangu haujatetemeka
hata kwenye kisogo cha mtoto anayelia.
Nikaunyoosha. Mfuko ukajaa.
Wiki mbili baadaye, simu:
"Njoo, kaka. Njoo peke yako."

Sista Eufrazia alifunga mlango,
akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza.
"Damu yako hatukuitumia. Una homa ya ini, aina ya B."
Nikauliza swali la kijinga:
"Kwani ziko ngapi?"
"Ukoo mzima. Jina moja, tabia mbalimbali."

A huenda ilishakupitia utotoni, akasema,
macho yakawa binzari, mkojo rangi ya chai ya rangi,
mwalimu akakuita mvivu.
Huingia kwa mdomo: maji, kachumbari, mkono uliotoka chooni.
E hupita njia hiyohiyo;
Msimbazi ukifurika, vyoo na visima husalimiana.
Hizo mbili mara nyingi mwili huzifukuza wenyewe:
pumzika, kunywa maji yaliyochemka,
usiongezee ini mzigo wa pombe na mizizi ya chupani.
"Ila E ikimkuta mjamzito, usingoje kukuche."

"Na yangu?"
"Yako hupita kwenye damu. Kitandani.
Kwa mama anapojifungua. Kwenye wembe."

Wembe.
Nikavitazama vidole vyangu.
Miaka kumi na minne, Tandika, kiti kimoja, kioo chenye ufa,
na mwanzoni, kabla sijajua,
nilikuwa nafuta wembe kwa kitambaa tu.
Nikaanza kuhesabu vichwa.
Nilipofika vya sokoni nikapoteza hesabu.

Yeye alikuwa amefika D:
kupe, akasema, haishiki mahali pasipo B,
ndiyo maana watanipima na hiyo.
Halafu C. Hiyo nilikuwa naijua bila kuijua:
Kibwana, jirani, yule aliyekuwa akijidunga,
alimeza vidonge wiki kumi na mbili,
wakampima tena, wakakuta kweupe.

"Basi nipeni za Kibwana."
Akatikisa kichwa.
"C haina chanjo, lakini huondoka.
B ina chanjo, ila kwako ugonjwa umetangulia mlangoni.
Hatuiondoi, tunailaza usingizi."
Si kila mwenye B hupewa dawa, akaniambia;
kwanza wakahesabu virusi, wakapiga picha ya ini.
Langu lilikuwa limeanza kukakamaa.
Nikapewa kidonge kimoja, kila usiku,
na onyo: usikiache bila kuniuliza,
maana aliyelala akishtuliwa huamka na hasira.

Nyumbani, Hidaya akapimwa: hana.
Akachomwa sindano, na nyingine mwezi uliofuata,
ya tatu inamngoja mwezi wa sita.
Mtoto tulipekua kadi yake ya kliniki:
alishachanjwa pajani, wiki ya sita ya maisha yake,
siku niliyolalamika foleni ni ndefu.

Dukani, kila kichwa sasa na wembe wake,
nauvunja mbele ya mwenyewe.
Wengine hucheka. Wengine walihama.

Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu
hakusema kitu.
Asubuhi nikakuta kikombe changu kina doa jekundu,
rangi ya kucha, chini ya mkono.
Nikanywa. Chai ilikuwa chai.
Hidaya akaliona.
Nilishamweleza kwamba kirusi hiki hakisafiri kwa kikombe
wala kwa sahani, wala kwa mkono wa salamu.
Akachukua ile chupa ya rangi,
akapanga vikombe vyote sita mkekani,
akavitia doa kimoja kimoja,
akivipuliza vikauke.

Jioni mama mkwe alisimama mbele ya kabati
muda mrefu.
Mimi nilikwenda kutafuta maji ya kumezea kidonge.