Kijiji Namba Saba

Nyanjige alishuka kwenye kivuko cha Nansio,
sare ya zahanati ndani ya mfuko wa khanga,
akapanda ngazi za maktaba yetu kati ya mawe mawili
ambayo fundi alishindwa kuyavunja, akajenga kuyazunguka.
Hakuuliza riwaya. Hakuuliza gazeti.
Aliuliza: "Mavi yetu yako wapi?"

Msomaji wa meza ya tatu akainua kichwa.
Mimi nikavua miwani.

Miaka minne nyuma, akasema, walikuja watafiti wa kichocho
na vikopo vyenye vifuniko vya bluu.
Yeye ndiye aliyevigawa nyumba kwa nyumba,
ndiye aliyeandika majina kwa wino usiofutika,
ndiye aliyewabembeleza watoto kwa biskuti.
Vikopo mia mbili na kumi na nne
vikalazwa kwenye barafu ya minofu ya sangara,
vikavuka maji, vikapita uwanja wa ndege kwa heshima zote.
Majibu hayakurudi.
Matumbo bado yanavimba.

Tukatafuta. Yakaonekana,
ndani ya jarida lenye jina refu kama foleni ya kliniki.
Ikisiri tulipewa bure, mistari kumi na miwili:
kunusishwa mchuzi wa sato
ukiwa nje ya geti.
Kisha kufuli, na bei chini yake,
dola thelathini na tisa kwa saa arobaini na nane.
Nyanjige akazigeuza kuwa debe za muhogo,
akahesabu kwa vidole, akaacha.
"Kwa hiyo tulitoa bure,
tunauziwa?"

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kwenye kiti hiki.
Nilitaka kumjibu kwa maneno ya semina:
ufikiaji huria, haki za mwandishi, hazina ya machapisho.
Nimeyabandika ukutani.
Mjusi amehamia nyuma yake.
Nikampa chai ya rangi, nikamwandikia Daktari Lubango:
*Mkataba wako, ukurasa wa nne, herufi ndogo kama mayai ya dagaa,
unakuruhusu kutupa nakala yako mwenyewe,
ile uliyoiandika kabla hawajaipamba.
Walisema usubiri miezi sita. Imepita mara tatu.*

Jibu likaja saa tisa, fupi, lenye aibu:
*Sikujua. Hii hapa.*

Bonyezo moja, ikaingia hazinani, wazi kwa yeyote.
Korongo juu ya paa hawakushtuka.
Mashine ikatema kurasa kumi na tisa zenye joto.

Alisoma kwa kidole, kama anayetafuta mfupa kwenye samaki.
Jedwali la tatu. Kijiji Namba Saba.
"Ni sisi hawa. Hii mia mbili na kumi na nne
niliihesabu mimi, mara mbili."
Halafu kidole kikasimama,
maana chini ya jedwali waliandika
kwamba watoto wanaambukizwa upya ndani ya miezi mitano
penye maji tulivu, karibu na majaruba ya mpunga.
Pale anapofulia.
Pale alipomfundisha bintiye kuogelea.

Hakulia. Aliomba kalamu, akapiga mstari.

Alipokuwa anakunja karatasi akaangalia nyuma yangu,
kwenye kabati la vioo, tasnifu za wanafunzi wetu.
"Na hizo?"
Hizo haziazimwi, nikaanza, kanuni ya mwaka...
nikauona ufunguo ukining'inia shingoni mwangu mwenyewe,
wa shaba, unang'aa kwa jasho langu.

Leo Jumamosi. Maktaba imefungwa, kabati liko wazi.
Waandishi nimewapigia: tisa wamekubali,
mmoja alicheka, akauliza kama bado ipo.
Skana inapata joto, inapumzika, nami napumzika nayo.
Ya kumi inahusu visima vya Igombe.
Ndani ya jalada kuna kadi ya wasomaji,
safi, bila muhuri hata mmoja.