Pindo la Inchi Tatu

Picha waliyotutumia ilikuwa ndogo kama stempu,
nami ni fundi: nikaiwekea rula,
nikakadiria kifua, bega, mkono
kwa kulinganisha msichana na kitasa cha mlango nyuma yake.
Zamda akasema, "Mkude, mtoto si kitambaa."
Nikamjibu kwamba kitu kingine sikijui.

Gauni la Akeyo nililishona Morogoro, usiku,
umeme ukikatika naendelea kwa miguu.
Kaptura ya Obiero nikaitia mifuko miwili,
maana mvulana asiye na mfuko huficha vitu mdomoni.

Kisha mahakama ya Kisumu ikaahirisha.
Faili halionekani. Ikaahirisha.
Hakimu yuko likizo. Ikaahirisha.
Kesi huahirishwa;
goti la mtoto haliahirishwi.

Sirare tulivuka alfajiri.
Kijana wa mihuri alipiga miayo, akauliza,
"Mnaenda kufanya nini Kenya?"
Zamda akasema, "Kuzaa."
Kijana akatazama tumbo lake,
akatazama mwaka ulioandikwa kwenye pasi,
akagonga muhuri.

Manyatta, nyuma ya kinu cha posho,
Mama Dorka alikuwa amewapaka mafuta hadi masikioni.
Nilitarajia shikamoo. Marahaba yangu ilikuwa tayari
tangu Singida, naizungusha mdomoni kama peremende.
Akeyo akanyoosha mkono, "Habari yako,"
kama karani wa benki.
Nami neno la Kijaluo nililolikariri njia nzima
likatoka linachechemea:
"Oyawore," nikasema, yaani umeamkaje,
na ilikuwa saa tisa mchana.
Kicheko kikatoka chini ya meza.
Hivyo ndivyo nilivyojua alipo Obiero.

Gauni likakataa.
Likabana kwapani, likaishia juu ya goti.
Akeyo akalivuta chini kwa mikono miwili,
polepole, kama anayefunga mlango wageni wamelala.
"Iko sawa," alisema. Haikuwa sawa.
Nadhani alishazoea kwamba nguo isipotosha
kosa ni la mvaaji.

Nikapiga magoti, nikatoa futi shingoni.
Kumkumbatia sikuthubutu,
lakini kupima ni kazi yangu, nani atanikataza?
Kifua, ishirini na nne.
Moyo wake ukanigonga kidoleni, penye inchi ya kumi na mbili,
nikasahau namba,
nikapima tena.
Nikapima mara tatu, na Zamda, anayejua
kwamba sipimi mara mbili hata bibi harusi,
akageuka kutazama dirisha lisilo na kitu.

Obiero akatoka, kizibo cha soda mkononi,
akanipokonya futi.
Akapima kidole changu: saba.
Sikio langu: saba.
Zamda, kuanzia kisigino hadi alipofika: saba.
Ndiyo namba pekee anayoijua,
na wote tulimtosha.

Usiku mvua ilipiga bati la gesti pale Kibuye.
Nikaazima sindano kwa mhudumu, nikafumua pindo.
Nilikuwa nimeacha inchi tatu,
ujanja wa mafundi, au dua, sijui tofauti.
Ubavuni nikatia kipande cha kanga ya Zamda.
Urefu ukapatikana. Ila mkunjo wa kwanza
ulibaki, mstari mweupe kuzunguka gauni lote,
na pasi ya gesti haikuufuta.

Asubuhi nikafungua daftari la wateja mezani kwa Mama Dorka.
Jina: Akeyo. Jina: Obiero.
Kifua, kiuno, urefu, nikajaza.
Malipo ya awali, nikapiga mstari.
Nikafika safu ya mwisho, siku ya kuchukua,
kalamu ikasita,
maana bado kuna saini mbili na Jumatatu moja.

Obiero alikuwa amepanda kiti.
Akanitoa kalamu vidoleni
akachora, ulimi nje,
saba kubwa, imegeuka, inatazama ukutani.