Shuka za Wodi ya Sita

Bradford, saa kumi alfajiri. Mvuke umeziba miwani.
Mashine mpya inakunja shuka mia tisa kwa saa
na bado simu inalia: shuka hakuna.

Bwana Hollis akaagiza mashine ya pili.
Mimi nikatia alama ya chaki kwenye shuka moja,
nikaifuata kama anayemnyatia mbuzi mwizi:
pipa la sabuni, kikaushio, lori,
lifti iliyokwama tangu Jumanne,
hadi kabatini kwa Glenys Ackroyd, muuguzi wa usiku.

Alifungua kwa aibu. Shuka mia mbili na kumi,
zimeshindiliwa.
"Januari ziliisha," akasema. "Mgonjwa wangu alilalia taulo."

Kumbe hofu ilificha,
kuficha kukaleta uhaba,
uhaba ukaizaa hofu upya, mama akawa mwana.
Nasi huku chini tunakazana
kuukunja upepo.

Sikumwambia azirudishe.
Nilimwomba Hollis kigari kimoja cha saa nane usiku,
kisichokosa hata theluji ikianguka.
Wiki ya tatu, mlango wa kabati ukafungika wenyewe.

Mashine ya pili ilifika.
Imo bado ndani ya boksi lake;
tunawekea vikombe vya chai.