Enhee

Mwalimu alisema: dakika tatu, picha ishirini na tano,
mkazi mmoja wa mji huu asiyefanana na mwingine,
sauti yake yeye tu. Wewe usisikike.

Basi nikashuka ngazi kumi na moja mtaa wa Selkirk,
Winnipeg, Januari, baridi ya kugandisha kope,
chini ya duka la vitambaa lililofungwa kabla sijazaliwa,
nikamkuta Stefka Hnatiuk, miaka sabini na mitatu,
ananoa viatu vya kutelezea barafuni.
"Funga mlango!"
Ndilo neno la kwanza kwenye kinasa sauti changu.

Betri ya kamera ilikuwa imezimia kwa baridi.
Nikaitia kwapani kama kipimajoto,
na nikiingoja izinduke nikanasa sauti peke yake:
jiwe likizunguka, chuma kikipiga kelele za ugomvi,
kisha kikiteta,
kisha kikinung'unika,
kisha dole gumba lake likipita makalini, shh,
kama mtu anayefunua ukurasa.
"Mimi nanoa kwa sikio," akasema. "Chuma kikiridhika
kinaacha kulalamika. Sijui watu wanaangalia nini."

Betri ikazinduka.
Picha ya nne: glavu, kidole cha shahada kimekatwa makusudi.
Ya saba: vumbi la chuma kwenye nyusi zake, anacheka.
Ya tisa: msumari ukutani, na viatu vya mtoto,
kamba nyekundu, chuma chake chembamba
kama ukucha uliokatwa.

Sikuuliza. Alianza mwenyewe.
"Hivyo aliviacha baba mmoja, mwaka themanini na nane.
Alilipa kabisa. Akasema atarudi Jumamosi."
Akanyamaza. Na mimi,
niliyelelewa kwamba msimuliaji haachwi njiani peke yake,
nikamsindikiza:
Enhee.
"Kila Novemba navinoa upya.
Asije akarudi akavikuta butu."
Enhee.
"Sasa vimekwisha. Nikivinoa mara mbili zaidi
vitabaki ngozi na kamba."
Enhee.
"Lakini nimelipwa."

Usiku, chumbani, visikizi masikioni,
naiona sauti yake kwenye kioo, vilima na mabonde,
na kila bonde nimekaa mimi.
Enhee. Mh. Eeh. Enhee.
Sikujua kama nasema hivyo.
Nani anajua idadi ya pumzi zake?

Nikaanza kukata.
La kwanza likatoka safi, kama mwiba.
La pili pia.
La tatu lilikuwa limemlalia Jumamosi yake mgongoni:
ukilitoa, siku inabaki nusu,
na yule baba harudi hata kwa maneno.
Nikasikiliza pale nilipokwisha kukata.
Stefka alikuwa anazungumza na ukuta,
bibi mmoja chini ya ardhi, anajisemea mambo ya viatu.
Nikayarudisha yote. Mwalimu na apunguze alama zake.

Ijumaa nikaweka kompyuta mezani kwake,
katikati ya makopo ya mafuta.
Dakika tatu na sekunde nne. Hakupepesa macho.
Nikangoja aulize: nani huyo anayeguna guna?
Nikaandaa na jibu, refu, lenye mila na desturi.

"Picha ya kumi na mbili," akasema, "ina viatu vya mabinti,
vya kuzungukia dansi. Lakini sauti uliyoweka hapo
ni ya viatu vya mpira wa magongo.
Umewadanganya watu."
Nikasikiliza tena. Kwangu mimi chuma ni chuma.
"Na ile ya kumi na sita nimeshika kiatu cha kushoto,
sikio linasikia cha kulia."

Nikatoa kalamu.
"Na kingine," akasema, akivuta kigoda.
Mimi nikasema, unajua nilivyosema.