Simu Iliyokunywa Chumvi

Simu ya Nargis iliangukia majini Forodhani.
Ikafika kibandani kwangu, Darajani,
imezikwa ndani ya mfuko wa mchele.
Siku mbili nikaikausha, nikaisugua kwa spiriti,
nikatia spika mpya, nikabonyeza nyimbo ya juu kabisa
kujaribu tu, kama yatoa sauti.

Ngoma zikaporomoka kama mawe juu ya bati.
Gita likakwaruza, likakwama, likakwaruza tena,
na kijana akapaza
kwa Kikachi.

Kikachi nakijua mie:
lugha ya nyuma ya kaunta,
ya baba na mwana kuambiana bei mteja asisikie.
Marehemu baba akinunua kanga za sikukuu,
walisemezana maneno mawili
na bei ikapanda shilingi tano.
Lugha ya mizani, nikidhani. Haina pumzi ya kulia.

Kumbe.
Huyu anaitapika kama mwenye homa,
anaikokota, anaiachia, anaifuata mbio.
Sikufahamu kitu. Neno moja tu lilinidaka: gari.
Gari hii hii yetu,
imekaa mle ndani
kama jamaa uliyemkuta harusi ya watu.
Nikairudisha. Nikairudisha tena
mpaka Mbarouk, muuza kava wa jirani, akauliza:
"Hiyo nini, jenereta?"

Nargis alipokuja sikumpa simu.
Nifasirie kwanza.
Akacheka: "Mie nyumbani nasema Kiswahili kama wewe.
Mwenyewe hasa ni bibi."
Akampigia, akaiweka nyimbo mbele ya simu yangu.
Bi Sakarbai, kutoka Kiponda, alisikiliza mpaka mwisho.
"Anavunja maneno, huyu mtoto. Hakufunzwa."
Kimya.
"Anasema gari imeondoka
na mama yake hajaambiwa."
Kimya tena, kirefu.
"Hebu rejesha."

Usiku nafunga kibanda.
Miaka kumi na moja nimo humu mjini
nasema mtu, nasema mtoto wake, sawasawa,
kama nilivyofunzwa na vicheko vya darasani.
Kwetu Micheweni
ni ntu. Ni ntoto wakwe.
Nikipiga simu kwa mama
hutoka nje kwanza, nikaangalia nani yupo karibu.

Mbarouk keshakwenda.
Nachukua bisibisi, nagonga ukingo wa meza:
ntu, ntu,
ntoto wakwe,
ntu.

Gita sina.
Lakini yagonga.